Maharagi Tuliyoyahamisha Usiku



Katika karatasi hizi mumezoea kusoma habari za mpira, za kwaya, na majina ya waliopita mitihani. Leo sisi wanafunzi watano wa darasa la mwisho, upande wa Sayansi, tunaomba nafasi kidogo. Tunataka kueleza kazi moja ya fizike tuliyoifanya muhula huu, pamoja na kosa tulilolitenda ndani yake. Hakuna mtu aliyetulazimisha kuandika. Tumeona wenyewe kwamba kueleza kazi bila kueleza kosa ni kutoa nusu ya habari, na nusu ile nyingine ndiyo yenye faida.

Mambo yalianza na chumvi. Siku moja Bwana Mwalimu alikuja darasani na kopo la chumvi ya punje kubwa. Akaweka punje moja juu ya meza, akauliza: "Hii inatulia ao inatikisika?" Tukajibu kwa sauti moja: "Inatulia, Bwana Mwalimu!" Akacheka. "Muko naona kwa macho tu. Mule ndani hakuna hata atomu moja yenye kupumzika."

Akaeleza hivi. Punje ya chumvi ni kristali, maana yake atomu zake zimepangwa kwa mistari, kama sisi tunavyopanga mstari asubuhi mbele ya bendera: sodiamu, klorini, sodiamu, klorini, kwenda mbele, kwenda pembeni, kwenda juu. Lakini mwanafunzi aliye mstarini anaweza kutulia. Atomu haiwezi. Kila moja inatikisika mahali pake, na moto ukizidi, kutikisika kunazidi.

Mmoja wetu akauliza: "Nani aliona?" Ni swali zuri, kwa maana atomu ni ndogo kupita nguvu ya macho. Jibu lake ndilo hili. Mwaka 1912, katika mji wa München, Ujerumani, Max von Laue alitoa wazo, na Walter Friedrich na Paul Knipping wakalijaribu: walipitisha mionzi X, ile ya kupigia picha ya mifupa hospitalini, katikati ya kristali ya salfati ya shaba. Ni chumvi ile ya rangi ya buluu ambayo watu wa shimi wanaijua sana. Kwenye sahani ya picha yakatokea madoa, yamepangika vizuri. Mwaka uliofuata Waingereza wawili, baba na mwana, William Henry Bragg na William Lawrence Bragg, wakatumia njia hiyo kujua mpango wa atomu katika chumvi ya jikoni. Mwaka 1915 walipewa Tuzo la Nobel, na mwana alikuwa na miaka 25 tu. Kazi hii ya kusoma madoa huitwa difraksio.

Mwenye kutaka kuielewa aende bandarini siku ya upepo, atazame mawimbi ya ziwa yakipita katikati ya nguzo. Nyuma ya nguzo mawimbi madogo yanakutana. Mahali pengine yanasaidiana na maji yanapanda. Mahali pengine yanauana na maji yanatulia. Nguzo zikipangwa sawasawa, mpango wa mawimbi nao unakuwa sawasawa. Atomu ndizo nguzo, mionzi X ndiyo mawimbi, madoa ni mahali mawimbi yanaposaidiana.

Basi, nguzo zenyewe zikitikisika, itakuwaje? Madoa yanapungua nguvu. Ni kama kwaya yetu inapopiga makofi: wote wakipiga pamoja, sauti inafika hata barabarani, kila mtu akikosea kidogo tu, sauti inalegea. Peter Debye alianza kufanya hesabu ya jambo hilo mwaka 1913, na Ivar Waller, mtu wa Sweden, akaitengeneza mwaka 1923. Kwa kupima doa limelegea kiasi gani, wenye elimu wanajua atomu inatikisika kiasi gani.

Hapo ndipo Bwana Mwalimu alipotupa kazi. Alitaka tuigize mtikisiko wa atomu moja kwa mkono, bila mashine yo yote. Akatupa kifungo cha shati, maharagi 400, na makopo mawili ya maziwa yaliyofungwa, yenye tundu dogo juu. Juu ya meza tukachora kwa chaki nyumba nyingi kwa mstari mmoja, kama nyumba za mchezo wa kisolo. Ya katikati tukaiita 0. Upande wa kuume tukaandika 1, 2, 3 hata 8. Upande wa kushoto vilevile, lakini kwa alama ya kutoa.

Kifungo ndicho atomu. Kinaanza kwenye 0. Kwanza mtu anachota kikaratasi kinachosema "kuume" ao "kushoto". Kama njia ile inarudi kuelekea 0, kifungo kinakwenda bila kuomba ruhusa, kwa sababu kushuka bonde ni rahisi. Kama njia ile inatoka mbali na 0, huko ni kupanda mlima, basi lazima kuomba ruhusa katika kopo la upande ule. Ndani mna vikaratasi kumi, vingine vimeandikwa "Ndiyo", vingine "Hapana". Ukipata Hapana, kifungo kinabaki pale pale. Kila kikaratasi kikisomwa, kinarudishwa. Na kila hatua, kifungo kiwe kimehama ao kimekataa, tunaweka haragi moja kwenye nyumba ambamo kimesimama. Nyumba yenye maharagi mengi ndiyo mahali atomu inapopenda kukaa.

Bwana Mwalimu alisema: "Musifungue makopo kuhesabu. Atomu haitufungulii kopo lake. Fanyeni mchezo, kisha muniambie mule ndani muna nini."

Tulifanya kazi usiku, kwa taa, maana umeme ulikuwa umekatika. Mdogo wetu mmoja wa darasa la chini, msichana, alikuja kutusaidia kuchota vikaratasi, na bila kuombwa akawa anaandika hesabu katika kaye yake. Maharagi 400 yakaisha. Tukatazama meza, na mioyo yetu ikaanguka. Lundo lilikuwa limepinda. Kwenye 0 palikuwa na maharagi 219, vema. Lakini kwenye 1 ya kuume palikuwa na 88, na kwenye 1 ya kushoto 25 tu. Kwenye 2 ya kuume 41, ya kushoto 3. Kuume tena 16, na 6, na 2; kushoto hakuna kitu.

Tuna kitabu kimoja cha zamani cha fizike ambamo muna picha ya mtikisiko. Picha ile ni nzuri: mstari uliopinda kama kengele, kushoto na kuume sawasawa. Mtikisiko wa namna hiyo, wa kwenda na kurudi kwa usawa kama bembea, huitwa wa armoniki. Tukatazama kengele ya kitabu, tukatazama lundo letu. Mmoja akasema vikaratasi vimeshikana kwa unyevu. Mwingine akasema kopo halikutikiswa vizuri. Hakuna aliyesema kwamba labda lundo lina haki. Tukakubaliana kurekebisha kidogo. Tukatoa maharagi kuume, tukayaweka kushoto, hata pande zote mbili zikalingana. Tulihamisha maharagi 62.

Yule mdogo wetu akatutazama, akauliza: "Bayaya, juu ya nini munahamisha maharagi? Kifungo hakikufika kule." Tukamwambia: "Nyamaza, weye hujasoma fizike bado." Maneno hayo tunayaandika hapa kwa haya.

Kesho yake Bwana Mwalimu alitupa makopo mengine mawili, yamepakwa rangi nyekundu. Alisema hayo ni ya moto: joto la mara mbili, likihesabiwa toka sifuri kamili, yaani nyuzi 273 chini ya sifuri ya barafu. Tukafanya mchezo tena. Lundo likawa pana zaidi, na likapinda zaidi. Lakini sasa tulikuwa tumekwisha hamisha jana. Kama leo hatukuhamisha, kazi mbili hazingepatana. Basi tukahamisha tena. Uongo wa kwanza uliomba ndugu yake, naye akaja.

Siku ya tatu tukasimama mbele ya darasa. Bwana Mwalimu akauliza: "Wastani ni ngapi? Atomu kwa kawaida inakaa wapi?" Tukajibu: "Kwenye sifuri, Bwana Mwalimu." "Na katika moto?" "Kwenye sifuri vilevile." Hakukasirika. Aliandika sifuri mbili kwenye tablo, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Basi, kesho mapema, jua likiwa halijatoka, tutakwenda kwenye reli. Kila mtu alete karatasi za gazeti la shule."

Njia ya reli kutoka Kabalo ilifika mji wetu mwaka 1915, na kila mtoto wa Kalemie ameivuka mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Sisi pia. Lakini asubuhi ile tulipiga magoti pale, kwa ruhusa ya mzee mlinzi wa njia, tukatazama mahali vipande viwili vya reli vinapokutana. Pana nafasi katikati. Bwana Mwalimu akatuambia tuingize karatasi moja juu ya nyingine hata nafasi ijae. Zikaingia 52. Tukarudi pale pale saa ya jua kali la utosini, chuma kikiwa kinaunguza vidole. Zikaingia 31 tu.

Karatasi 21 zilikwenda wapi? Reli ilirefuka ikazisukuma nje. Bunda la karatasi 500 lina unene wa sentimeta 5 hivi, basi karatasi moja ni sehemu moja ya kumi ya milimeta, na reli ilikuwa imekula nafasi ya milimeta 2 na kidogo. Hesabu inakubali. Chuma cha pua kikipashwa moto nyuzi moja, kila meta hurefuka kwa sehemu 12 hivi za milioni. Chukueni kipande cha meta 12 na nyuzi 20 za joto: mutapata karibu milimeta 3. Reli imefungwa kwa mabuloni na mataruma, basi haiko huru kabisa, ndiyo maana tulipata pungufu kidogo.

Ndipo Bwana Mwalimu akasema maneno yaliyotumaliza: "Reli imeundwa kwa atomu. Kama kila atomu inatikisika sawasawa huku na huku, na wastani wake unabaki sifuri katika baridi na katika moto, basi reli haiwezi kurefuka hata kidogo. Lakini imerefuka. Sasa chagueni: reli inasema uongo, ao ninyi?"

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mzee mlinzi alikuwa anatusikiliza tu. Mwisho mmoja wetu akasema: "Ni sisi, Bwana Mwalimu." Tukaeleza yote, maharagi 62 ya usiku wa kwanza, na yale ya usiku wa pili ambayo hatukuyahesabu hata.

Tungeanza upya toka mwanzo, kama si kaye ya yule mdogo wetu. Alikuwa ameandika yote kabla hatujagusa kitu. Tukafanya wastani wa hesabu yake. Katika baridi: 0,55 upande wa kuume. Katika moto: karibu 1,1. Joto mara mbili, kusogea mara mbili. Atomu ilikuwa imehama kwake kwa sababu ya moto, na ndiko kurefuka kwa reli, mbele ya macho yetu, juu ya meza. Sisi tuliushika ukweli mkononi, tukaurudisha kushoto haragi kwa haragi.

Kisha tukafungua makopo. Ya baridi: kuume Ndiyo nne, kushoto Ndiyo moja. Ya moto: kuume sita, kushoto tatu. Kumbe bonde halikuwa na kuta za kufanana. Ndivyo ilivyo kati ya atomu mbili. Ukizisukuma zikaribiane, zinakataa kwa nguvu sana, kama ukingo mkali wa mlima. Ukizivuta ziachane, zinakubali polepole, kama mchanga wa ufuko wetu unaopanda kidogo kidogo. Atomu yenye moto hukimbia zaidi kule kwenye mchanga. Mtikisiko huo ndio usio wa armoniki. Bwana Mwalimu akatufanyisha pia mchezo wa tatu, wenye makopo ya kufanana pande zote mbili. Hapo lundo lilipanuka kwa moto, lakini wastani ulibaki karibu na sifuri. Kengele ya kitabu haikuwa uongo. Ni njia fupi ya kuanzia, nayo inatosha kwa mambo mengi. Kosa lilikuwa letu, kulazimisha maharagi yaifuate.

Mutasema: huo ni mchezo wa watoto. Sivyo. Kanuni ile ya kushuka bure na kupanda kwa ruhusa ya bahati ilitolewa mwaka 1953 na Nicholas Metropolis na wenzake huko Los Alamos, Marekani, kwa ajili ya kompyuta. Leo kompyuta inafanya hivyo kwa maelfu ya atomu pamoja, na hatua ni za mamilioni. Kisha wenye elimu wanahesabu: atomu zikikaa hivi, madoa ya difraksio yatakuwa na nguvu gani? Wanalinganisha na madoa yaliyopimwa kweli. Yakipatana, wanajua bonde la atomu lina umbo gani. Yasipopatana, wanabadilisha bonde lao la hesabu. Madoa hawayagusi.

Na tuna mfano ulio karibu na nchi yetu. Katika Katanga, si mbali na Likasi, kuna Shinkolobwe, ambako uraniumu iligunduliwa mwaka 1915, mwaka ule ule treni ilipofika kwetu. Madini makubwa ya pale ni uraninite, maana yake oksidi ya uraniumu. Katika miaka ya 1960, huko Harwell, Uingereza, B. T. M. Willis alichunguza kristali ya oksidi hiyo. Hakutumia mionzi X, kwa sababu mionzi X inatazama elektroni. Uraniumu inazo 92 na oksijeni 8 tu, basi mkubwa anamfunika mdogo. Alitumia nyutroni, ambazo zinaona uraniumu na oksijeni karibu kwa usawa.

Katika kristali ile, kila oksijeni imekaa katikati ya kijisanduku chenye pembe nane. Pembe nne zina uraniumu, nne ni tupu. Kutikisika kuelekea pembe tupu ni rahisi kuliko kuelekea pembe yenye mtu. Basi madoa mengine, ambayo kwa hesabu ya armoniki yangekuwa na nguvu moja, yalikuja na nguvu mbalimbali. Tofauti ilikuwa ndogo. Mtu mvivu angesema ni unyevu wa vikaratasi. Willis na wenzake, Rouse na Pryor, waliipima, na mwaka 1968 wakatoa hesabu ya mtikisiko usio wa armoniki katika oksidi ya uraniumu. Haikuwa kazi ya bure. Oksidi hiyo ndiyo inayochomwa katika mitambo ya nguvu za atomu, na kule kutokuwa sawa kwa mitikisiko ndiko kunakozuia moto kupita kwa urahisi ndani ya kristali. Mwenye kuendesha mtambo lazima ajue moto unatokaje.

Ndugu wasomaji, tumepata alama zetu. Kazi ya kwanza ilipewa sifuri, sawasawa na wastani wetu wa uongo. Kazi ya pili ilipewa alama nzuri, na jina la kwanza juu ya karatasi ni la yule mdogo wetu, ingawa hajasoma fizike bado. Tumemwomba msamaha mbele ya darasa lake. Alijibu tu: "Mimi niliandika vile niliona."

Tangu siku ile, mmoja wetu akisema katika maabara "hesabu hii imepinda, turekebishe", wengine wanamjibu: "Twende kwenye reli." Neno hilo limekuwa la darasa zima.

Maharagi yalirudishwa jikoni, na nyote muliyala siku ya Ijumaa bila kujua yametoka wapi. Makopo manne na ile kaye viko katika kabati ya fizike. Mwenye kutaka kuhesabu tena, aje.

Ni sisi, wanafunzi watano wa darasa la mwisho, Sayansi.
Kalemie.